Elimu ya Usiku na Amana ya Mchana

Kuna swali ambalo yafaa tulitazame kwa utulivu, kwani lawagusa wengi walio kazini siku hizi. Mtu aliyekwisha kuajiriwa, akajitia kusoma zaidi elimu ya kazi ile ile aifanyayo, je, amejiongezea faida tu, au amejitwika mzigo ambao hapo kabla hakuwa nao? Wengi hujibu upesi kwamba ni faida, wakahesabu cheo na mshahara. Sisi twaona kwamba hiyo ni nusu ya jibu, tena ile nusu iliyo nyepesi.

Tuchukue mfano mmoja ulio mbali nasi kwa masafa, ingawa si mgeni kabisa. Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, uko mji uitwao Lowell, kando ya mto Merrimack. Mji huo ulisimamishwa katika karne ya 19 kwa ajili ya viwanda vya pamba vilivyoendeshwa kwa nguvu za maji ya mto. Nasi twalijua neno merikani, ile nguo ya pamba ambayo wafanyibiashara wa jimbo hilo waliileta Unguja na mwambao huu kwa marikebu zao, hata babu zetu wakaipa jina la nchi ilikotoka. Zama za pamba zilipopita huko Lowell, chuo kilichowekwa kufundisha ufumaji hakikufa pamoja nazo. Kiligeukia ufundi mwingine, na mwaka 1954 kikaanzisha mafunzo ya uhandisi wa plastiki. Leo chuo hicho ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, na masomo yake ya plastiki ya daraja ya juu, yale ya baada ya shahada ya kwanza, hupatikana pia kwa njia ya intaneti, ili mhandisi aliye kazini ayasome bila ya kuacha kazi wala kuhama mji wake.

Amma sisi tuliolelewa katika darasa za kukaa goti kwa goti mbele ya mwalimu, jambo hili kwanza hututia shaka. Elimu kwetu haikuwa maneno peke yake. Ilikuwa ni kumwona mwalimu akisita kabla ya kujibu, na kukatizwa papo hapo unapokosea. Ijaza ilitolewa na mtu aliyekujua. Shaka hiyo ina haki yake. Asomaye usiku peke yake mbele ya kioo cha kompyuta hana wa kumshika mkono. Walakini katika elimu hii kuna jambo linaloipindua hoja. Kijana akaaye chuoni humwona mwalimu kila siku, na mashine akaiona kwa saa chache tu katika juma. Mhandisi aliye kazini mambo yake ni kinyume: mashine anayo mchana kutwa, joto lake alijua, mlio wake aujua, na hata siku ambayo kazi itaharibika huihisi mapema. Asichokijua ni kwa nini. Hilo ndilo alifuatalo usiku, nalo laweza kusafiri masafa marefu pasipo kupungua.

Na hilo "kwa nini" si dogo. Mwaka 1920 Mjerumani Hermann Staudinger alipoandika kwamba vitu vya namna hii vimeundwa kwa minyororo mirefu mno ya chembe zilizoungana, wataalamu wenziwe wengi hawakumsadiki. Alisimama na kauli yake mpaka wakamkubali, na mwaka 1953 akapewa Tuzo ya Nobel. Nguvu ya plastiki imo katika urefu wa minyororo hiyo. Ikikatika, kitu hubaki na sura yake hali nguvu imetoka, mfano wa kamba iliyooza ndani.

Hapa ndipo mzigo unapoingia. Itazame miwani ya kukinga macho, ile aivaayo fundi anayenoa chuma kwenye gurudumu, cheche zikimrukia usoni. Aghlabu vioo vyake si vioo, ni plastiki iitwayo polikaboneti. Plastiki hii hufika kiwandani ikiwa punje ndogo ndogo, nazo hunywa unyevu wa hewa. Kabla ya kuyeyushwa hazina budi kukaushwa, kwa joto la nyuzi 120 hivi za Selsiasi kwa muda wa saa 3 au 4, mpaka maji yaliyobaki yasizidi sehemu 2 katika sehemu 10,000 za uzito wake. Zikiingia mashinoni na unyevu, basi katika lile joto la karibu nyuzi 300 maji yale huikata minyororo. Pengine kitu hutoka na michirizi ya rangi ya fedha, kila mtu akaona kuwa kimeharibika, na hapo shari ni kidogo. Pengine hutoka kimeng'aa, safi, chapendeza machoni, nacho ni dhaifu.

Sasa tumkadirie mhandisi wetu. Jumatatu usiku amesoma hayo, akayafahamu. Jumanne asubuhi msimamizi amwambia: mteja angoja, muda wa saa moja wa kukausha watosha, endesha. Juma lililopita angeliendesha bila ya dhambi kubwa, kwani alidhani kukausha ni ada ya kiwanda tu, kama kufagia. Leo hawezi kudhani hivyo. Mwanafunzi wa chuoni hupewa miaka kabla ya elimu yake kuulizwa chochote. Huyu wetu huulizwa hata usingizi wa usiku ule haujamtoka machoni.

Atasema mtu: basi heri asisome, akae na udhuru wake. Hoja hii huisikia katika mambo mengi, wala si katika plastiki tu, na mimi naiona ni dhaifu sana. Mafakihi walipozungumza juu ya tabibu walimtoza dhamana yule aliyejitia kutibu hali hajui; hawakuufanya ujinga kuwa ngao. Aliyeweza kuuliza akaacha, kwa kuogopa kwamba jibu litamfunga, huyo amekwisha kujua sehemu ya jibu. Jicho litakalopofuka halitapona kwa sababu mhandisi alikuwa mvivu wa kusoma.

Lakini pia tusimkalifishe asiyoyaweza. Si kila kosa la kiwanda ni la kupigania. Ndoo ikitoka na mkono mbaya, mwenye nyumba atanung'unika na kununua nyingine. Akinyamaza mhandisi hapo, sitamwita mwovu. Kipimo ni lile dhara litakalompata mtu asiye na njia ya kujua, naye ametegemea. Yule fundi wa gurudumu hawezi kuihesabu minyororo ya miwani yake. Katika jambo kama hilo mhandisi na aseme, aandike, na asitie sahihi yake.

Huja hapo swali la ada. Waajiri wengi huwalipia wahandisi wao masomo haya, na wako wadhanio kwamba aliyelipa amekuwa mmiliki. Mwajiri ana haki ya kutumikiwa kwa elimu ile, na siri za kazi yake zihifadhiwe. Ulimi wa kumwambia "hapa tunakosea" hakuununua, wala hauuzwi. Tena lau angefikiri vizuri angeona kwamba hicho ndicho kitu hasa alichokilipia.

Na liko jambo jingine ambalo masomo ya mbali yamelizidisha. Mwenye kufanya mtihani nyumbani kwake aweza kumpa mtu mwingine amjibie. Lugha yetu imeiita karatasi ile shahada, na shahada ni ushahidi: yasema kwamba huyu ajua. Aliyeipata kwa mkono wa mwingine atasimama siku moja mbele ya mashine ile ile, aulizwe kama punje zimekauka, na watu watamsadiki kwa sababu ya karatasi.

Yabaki swali la mkate. Akikataa, yamkini akafukuzwa, na ana watoto. Neno hili ni zito, na asiyelipa kodi ya nyumba asilitolee hukumu kwa wepesi. Nionalo mimi ni kwamba elimu ile ile iliyomtwika mzigo imempa na chombo, maana ajuaye kwa nini aweza kuonyesha. Na aombe saa moja ya zamu. Achukue miwani miwili, mmoja wa punje zilizokauka sawasawa na mmoja wa zile za haraka, aiweke juu ya meza, aangushe tufe la chuma juu ya kila mmoja kwa kimo kimoja, na msimamizi awe amesimama pale pale akitazama.