Dini ya Marehemu na Uraia wa Walio Hai

Haki za Waislamu wanaoishi katika nchi ambayo Wayahudi ndio wengi huzungumzwa katika Afrika Mashariki kwa lugha ya vita, kana kwamba jambo lote ni mipaka, silaha na wakimbizi, na kwa sababu hiyo swali la msingi, yaani mtu anastahili nini kutoka kwa dola inayojitambulisha kwa dini isiyokuwa yake, hubaki bila kuulizwa. Swali hilo lina uzito hata katika mkoa wa Singida, ambako hakuna jamii ya Kiyahudi wala dola ya dini, kwa kuwa Tanzania Bara imelazimika kulijibu kwa njia yake yenyewe, na majibu ya Israeli na ya Tanzania yakiwekwa pamoja yanaonyesha jambo ambalo watetezi wa pande zote wasingelitarajia.

Uraia ni kifungo cha kisheria kati ya mtu mmoja mmoja na dola, na haki za kiraia ni yale ambayo mtu huyo anaweza kuyadai mbele ya dola kwa jina lake mwenyewe: kupiga kura, kumiliki mali, kusikilizwa mahakamani, kuabudu, kusema. Zipo pia haki za jamii, ambazo hupewa kundi, kama vile kuwa na mahakama yake ya ndoa au shule zake. Juu ya hizo kuna jambo la tatu lisilokuwa na jina moja linalokubalika na wote, nalo ni kuhesabiwa kuwa mmoja wa wenye nchi. Mtu anaweza kupata la kwanza na la pili akakosa la tatu.

Israeli ni mfano wa hali hiyo. Tamko lake la uhuru la tarehe 14 Mei 1948 liliahidi usawa kamili wa kijamii na kisiasa kwa wakazi wote bila kujali dini, na Waarabu waliobaki ndani ya mipaka yake walipiga kura tangu uchaguzi wa kwanza wa mwaka 1949. Hata hivyo waliishi chini ya utawala wa kijeshi hadi mwaka 1966, wakihitaji kibali hata cha kutoka kijijini kwenda mji wa jirani. Sheria ya Kurejea ya mwaka 1950 inampa Myahudi wa popote duniani haki ya kuhamia nchini humo, ilhali Mwislamu wa Nazareti hana njia kama hiyo ya kumrudisha nduguye aliyekimbia mwaka 1948. Sheria ya msingi ya mwaka 2018 ilitamka kwamba haki ya taifa kujiamulia mambo yake ndani ya nchi hiyo ni ya Wayahudi peke yao, ikakiondoa pia Kiarabu katika daraja la lugha rasmi na kukipa kile ilichokiita hadhi maalumu. Hata hivyo, katika nchi hiyo hiyo, ambayo karibu mtu mmoja kati ya kila watano ni Mwarabu na wengi wa Waarabu hao ni Waislamu, chama cha Kiislamu cha Ra'am kinachoongozwa na Mansour Abbas kiliingia katika muungano wa serikali mwezi Juni 2021, na mwaka 2022 Khaled Kabub akawa Mwislamu wa kwanza kuteuliwa jaji wa kudumu wa Mahakama ya Juu. Waarabu hao ni raia, na hawapaswi kuchanganywa na Wapalestina wa Ukingo wa Magharibi na Gaza, ambao si raia wa Israeli na ambao hali yao ni nzito zaidi na ni swali jingine kabisa. Kwa raia Mwislamu, basi, upungufu mkubwa kuliko wote uko katika lile jambo la tatu: ana haki ndani ya dola, lakini dola yenyewe imeandikwa kwa jina la mwingine.

Kuhusu haki za jamii, mambo yanageuka. Dola ya Uthmaniya ilitawala huko kwa mfumo wa millet, ambamo kila jamii ya dini iliachiwa hukumu za ndoa, talaka na mirathi ya watu wake, na Waingereza waliokuja baadaye waliuhifadhi. Israeli iliurithi, ikaendelea kuwalipa makadhi mishahara kutoka hazina ya umma na kutekeleza hukumu zao kwa nguvu ya dola. Mwaka 2017 Hana Khatib aliteuliwa kuwa kadhi, mwanamke wa kwanza katika mahakama za makadhi za nchi hiyo. Urithi huo una gharama yake, kwani nchini humo hakuna ndoa ya kiserikali, na Myahudi anayetaka kuoana na Mwislamu mara nyingi hulazimika kufungia ndoa ng'ambo. Lakini katika mirathi Israeli ilichukua njia nyingine: sheria ya mwaka 1965 iliweka utaratibu mmoja kwa raia wote, mtoto wa kike akipata sawa na wa kiume, na mahakama ya dini ikaruhusiwa kuingia pale tu ambapo wahusika wote wameridhia kwa maandishi.

Tanzania ilianza kutoka upande wa pili. Katiba ya mwaka 1977 inasema kwamba nchi haina dini, ibara ya 13 inakataza ubaguzi wa misingi mbalimbali, dini ikiwemo, na ibara ya 19 inalinda uhuru wa kuabudu huku ikiziweka shughuli za kuendesha jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Uraia hautolewi wala haunyimwi kwa dini, na baada ya sensa ya mwaka 1967 karani wa sensa hamuulizi mtu anaabudu wapi, jambo ambalo baadhi ya Waislamu walilipinga vikali wakati wa sensa ya mwaka 2012. Matokeo yake ni kwamba hakuna takwimu ya kiserikali inayosema nani ni wengi na nani ni wachache. Katika Singida neno wachache lingekuwa gumu kutumika hata kama takwimu zingekuwepo. Uislamu uliingia sehemu hizo kwa njia ya biashara na misafara ya kutoka pwani kwenda Tabora, na baadaye kupitia maakida wa Wajerumani, nao Ukristo ukaja na wamisionari wa Kikatoliki, wa Kilutheri na wa Kianglikana. Katika kaya nyingi za Wanyaturu na Wanyiramba dini hizo zote hukaa pamoja na mila za ukoo, mjomba akiitwa Juma na mpwa wake Petro, na hakuna anayeshangaa.

Mahali pa kushangaa ni mahakama ya mwanzo. Makadhi na maliwali waliotambuliwa wakati wa ukoloni walipoteza nafasi yao Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 ilipoweka ngazi moja ya mahakama kwa wote, lakini sheria ya Kiislamu yenyewe haikuondolewa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikusanya ndoa za dini zote chini ya paa moja. Mirathi ikaachwa nje, nayo hadi sasa huendeshwa kwa sheria tatu, yaani sheria ya kimila iliyoandikwa katika Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963, sheria ya Kiislamu, na Sheria ya Mirathi ya India ya mwaka 1865 iliyoletwa na Waingereza. Ili kujua ipi itumike, hakimu huangalia marehemu aliishi vipi: je, alishika mila za kabila lake, au alifuata dini yake kiasi cha kuonekana kwamba ameziacha mila hizo? Nchi isiyokuwa na dini, basi, haiwezi kugawa mali ya mtu kabla haijachunguza imani yake, wakati nchi inayojiita ya Kiyahudi inagawa bila kuuliza.

Uchunguzi huo una mshindi na mshindwa. Mjane wa Kinyaturu ambaye mumewe alikuwa Mwislamu anaweza kusimama mbele ya hakimu akiwa na muhtasari wa kikao cha ukoo kilichomteua shemeji yake kuwa msimamizi wa mirathi. Ikiamuliwa kwamba marehemu aliishi kimila, mjane huyo kwa kanuni za mwaka 1963 hana fungu katika mali ya mumewe, anaangaliwa na watoto wake, na binti zake wanawekwa daraja la mwisho katika mgawo. Ikiamuliwa kwamba aliishi Kiislamu, mjane mwenye watoto anapata thumni, yaani sehemu moja ya nane, na binti anapata nusu ya fungu la kaka yake. Thumni si kitu kikubwa, na Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ilipotoa maoni yake mwaka 2015 juu ya malalamiko ya wajane wawili wa Tanzania, iliikuta sheria ya kimila kuwa ya kibaguzi. Lakini thumni ni zaidi ya kukosa kabisa. Wanaoiona sheria ya dini kama mzigo kwa mwanamke wakati wote hawajaketi katika baraza la mahakama ya mwanzo, na wanaoiona kama ukombozi wake hawajamuuliza binti kuhusu ile nusu.

Mafundisho ya Uislamu na ya Uyahudi hayatoi jibu jepesi, ingawa yanatoa mwanga. Masahaba waliohamia Habasha karibu mwaka 615 waliishi chini ya Najashi, mfalme Mkristo, nao hawakumdai mahakama yao. Walidai kulindwa na kuachwa waabudu. Hati ya Madina, iliyoandikwa baada ya hijra ya mwaka 622, iliwataja Wayahudi wa mji huo kuwa sehemu ya jumuiya moja na Waislamu, kila upande ukishika dini yake, na hapo Wayahudi ndio waliokuwa wakiishi chini ya uongozi wa wengine. Kwa upande wa Wayahudi, Samweli, mwanachuoni wa Babeli wa karne ya 3, aliweka kanuni kwamba sheria ya ufalme ni sheria, maana yake Myahudi anafungwa na sheria ya mali ya nchi anamoishi hata kama mtawala si wa dini yake. Kanuni zote hizo zilitungwa kwa ajili ya makundi yaliyotafuta usalama kutoka kwa mtawala, na raia wa leo anatafuta zaidi ya usalama, kwa kuwa mtawala ni yeye pia.

Mjadala wa Mahakama ya Kadhi uliotikisa Tanzania Bara tangu ilani ya Chama cha Mapinduzi ya mwaka 2005 ilipogusia suala hilo, hadi muswada ulipoondolewa bungeni mwaka 2015, ulipoteza sehemu hii ya swali. Viongozi wa makanisa walisema kodi ya wote isitumike kwa mahakama ya dini moja; Waislamu walijibu kwamba serikali ilitiliana saini makubaliano na makanisa mwaka 1992 kuhusu huduma za jamii, na kwamba hospitali za makanisa, Makiungu na Iambi za Singida zikiwa miongoni mwake, zimefaidika na ushirikiano huo. Kila upande ulikuwa na hoja, ila pande zote mbili zilizungumzia makundi. Mjane hakuwa na upande. Kenya ilifika mbali zaidi kwa kuandika katika ibara ya 170 ya katiba ya mwaka 2010 kwamba kadhi atasikiliza shauri pale tu ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali mamlaka yake. Shauri linaanzia kwa mtu kisha linakwenda kwa jamii, na huo ndio mpangilio unaostahili uraia.

Ugumu wa pekee wa Singida unabaki katika kaya yenye dini mbili. Kwa fikihi ya madhehebu ya Kisunni, asiyekuwa Mwislamu hamrithi Mwislamu, na hivyo Petro aliyebatizwa ukubwani, mtoto wa baba Mwislamu, anaweza kuondolewa katika mali ambayo kwa kanuni za kimila angeweza kuwa mrithi wake mkuu. Fikihi hiyo hiyo inamruhusu baba kuandika wasia usiozidi thuluthi ya mali yake kwa asiyemrithi, na wapo mashehe wanaoweza kumkumbusha mzee jambo hilo angali hai. Lakini wazee wengi hufariki bila kuandika kitu. Sharti la ridhaa ya wote, la Kenya au la Israeli, lingempa Petro mlango wa kukataa mgawo wa kadhi, na kama yeye akiukataa na dada yake Mwislamu akiutaka, hakimu wa mwanzo wa Singida angehitaji sheria moja ya mirathi ya raia wote ya kuwaamulia, sheria ambayo Bunge halijaitunga.