Mbio na Hali ya Hewa



Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho juu ya mbio (1 Kor. 9:24-27), hakutaja mvua wala baridi. Hebu tutazame mbio moja ya kaskazini ya mbali.

Mwezi Agosti mwaka 2005 mashindano ya riadha ya dunia yalifanyika Helsinki, mji mkuu wa Ufini. Agosti kule ni mwisho wa kiangazi chao, na siku iliyoanza kwa jua huweza kuishia kwa mvua na upepo wa baharini. Jioni ya tarehe 9 mvua kubwa na radi zilisimamisha michezo kwa muda. Siku nne baadaye ikawa zamu ya wanaume wa marathoni. Christopher Isegwe wa Tanzania alimaliza wa pili, sekunde 11 tu nyuma ya Jaouad Gharib wa Moroko.

Ndugu, mkimbiaji wa mbio za namna hiyo hajui kutakuchaje. Basi habahatishi. Hufanya mazoezi juani, na mvuani vilevile. Hujipaka mafuta mapajani na kwapani, maana nguo iliyolowa huchubua. Huvaa sweta kuukuu mpaka karibu na saa ya kuanza, ndipo hulivua. Huweka tayari nguo kavu za kubadili, kwa sababu mwili uliolowa jasho ukisimama upeponi hupoa upesi. Na viatu ni vile alivyovizoea. (Tuliwaonya wanachuo wetu juu ya viatu vipya kila mwaka, na kila mwaka hakukosekana mmoja mwenye malengelenge.)

Nasi tunakiri jambo. Miaka mingi tulihudhuria Sala ya Asubuhi kulipokuwa kweupe. Siku za manyunyu tulibaki nyumbani. Zaburi tulimwachia padre. Msiba ulipobisha mlangoni kwetu usiku, tulifungua Kitabu cha Sala tukapapasa kurasa kama mgeni atafutaye nyumba gizani. Jirani yetu, mama asiyejua kusoma, ndiye aliyetuongoza kwa moyo, zaburi baada ya zaburi, mpaka alfajiri.

Sasa tunajifunza zaburi moja kila mwezi. Tulianza na ile ya 130, kwa kuwa ni fupi. Kwa umri huu kichwa kimekuwa kigumu, lakini yule mama hutusikiliza kila Jumatano jioni, na tukikosea neno hutuanzisha upya.