Uso Uliofichwa: Degas na Deni la Uzuri

Katika mchoro wa Edgar Degas uitwao L'Étoile, wa miaka ya 1876 hadi 1878 hivi, uliohifadhiwa katika Musée d'Orsay mjini Paris, mchezaji wa baleti amesimama kwa mguu mmoja, mikono ameikunjua, na mwanga wa jukwaani unampanda kutoka chini. Pasteli imepakwa juu ya chapa ya wino, nayo ni nyepesi kama vumbi la maua. Nyuma yake, kati ya mapambo ya jukwaa, amesimama mwanamume mwenye suti nyeusi. Uso wake hauonekani, mapambo yameuziba.

Wanahistoria wengi wa sanaa humtambua kuwa mmoja wa matajiri waliolipia viti vya Opera kwa msimu mzima, na kwa malipo hayo wakaruhusiwa kuingia nyuma ya jukwaa. Wachezaji wadogo, wengi wao mabinti wa mafukara, walipata ujira mdogo, na ufadhili wa bwana mwenye fedha mara nyingi ulidai malipo ya mwili. Waswahili husema kizuri chajiuza. Hapo Opera, kizuri kiliuzwa na wengine.

Je, msanii anayeugeuza unyonge huo kuwa uzuri ameushuhudia au ameufunika?

Immanuel Kant aliandika mwaka 1790 kwamba anayehukumu uzuri hana budi kuwa huru na maslahi yake. Kwa mfuasi wake, yule bwana ni doa jeusi linaloipa rangi ya waridi uhai, basi. Hoja hiyo ina nguvu, lakini mchoro wenyewe unaipinga. Jukwaa linatazamwa kutoka juu, kama kutoka katika viti vya ghorofani. Anayeusifu mchoro amekwisha kukalishwa katika kiti cha mnunuzi, na macho yake hayawezi kudai kwamba hayana maslahi.

Mwaka 1881 Degas alionyesha sanamu ya nta ya mchezaji wa miaka 14, yenye nguo halisi, ndani ya sanduku la kioo. Aliyekuwa kielelezo chake ni Marie van Goethem, binti wa dobi. Baadhi ya wahakiki walimfananisha na nyani, wakadai kuuona uovu usoni mwake. Mwaka uliofuata Opera ilimwachisha kazi. Hapo ndipo mizani ilipopinda: uso wa bwana ulisitiriwa na mapambo, uso wa binti ukawekwa hadharani na kushtakiwa kwa dhambi ya waliomzunguka.

Degas, basi, hakuficha. Alimweka bwana yule mahali pake na kuuacha ushahidi wazi. Hata hivyo, ushahidi huo haujitoshelezi. Asiyejua desturi za Opera huona kivuli tu, na mchoro huweza kutundikwa ukutani miaka mingi kama pambo lisilo na hatia. Kazi ya kusema kivuli kile ni cha nani ameachiwa mtazamaji. Haimlazimu kuacha kuufurahia mwanga ulio juu ya mchezaji. Inamlazimu kujua kwamba furaha hiyo ililipiwa, na kwamba jina la Marie limo katika hesabu.