Kukataa Kisu, Je, Ni Kujiua?

Jumamosi moja, baada ya katekisimu, kijana wa Katuba alitungoja mlangoni mwa kanisa. Baba yake alikuwa mgonjwa sana, na jamaa walikuwa wamegawanyika. Miaka minne nyuma mzee huyo alitiwa, huko Afrika ya Kusini, mfereji wa kitambaa tumboni mahali pa mshipa mkuu wa damu, maana mshipa wake mwenyewe ulikuwa umevimba karibu na kupasuka. Alipona, akarudi shambani. Sasa homa ilikuwa imemwingia, na waganga walisema mikrobi zimekaa katika kile kitambaa. Hakuna budi apasuliwe tena, mbali, kwa fedha nyingi. Mzee akakataa. Kijana akatuuliza: «Mwalimu, baba akikataa, si amejiua?»

Mlangoni hatukumjibu. Twajibu hapa, kwa kuwa swali si la nyumba moja tu.

Inafaa kwanza tufahamu jambo lenyewe. Mwaka 1951 mganga Charles Dubost wa Paris aliukata mshipa mkuu uliovimba, akatia mahali pake kipande cha mshipa wa mtu aliyekufa. Kisha waganga wakatafuta kitambaa. Michael DeBakey wa Houston, Marekani, alikwenda dukani kununua nailoni, akaambiwa imekwisha, akachukua Dacron, akaishona kwa cherehani ya mke wake. Watu wengi sana wameishi kwa kazi iliyoanza na cherehani ile. Lakini kitambaa si nyama. Hakina damu ndani yake, na mikrobi zikishikamana nacho, mara nyingi dawa haziwezi kuzifuata. Ndipo waganga hulazimika kukiondoa na kuipitisha damu njia nyingine: kwa mfereji mpya chini ya ngozi, toka kwapani hadi kinenani, au kwa mishipa ya mapaja ya mgonjwa mwenyewe, au tena kwa mshipa wa marehemu uliohifadhiwa katika baridi. Édouard Kieffer wa Paris aliishika njia hii ya mwisho tangu 1988. Katika wagonjwa 179 ambao habari zao zilitolewa mwaka 2004, kama mmoja kwa kila watano alikufa upesi baada ya kupasuliwa, nao walikuwa katika mikono ya mabingwa. Asiyepasuliwa naye, kwa kawaida hafiki mbali.

Shangazi za kijana walishtushwa zaidi na habari ya mshipa wa marehemu. Kumtia mtu kitu cha maiti, si uchawi? La. Mchawi huiba, hapa marehemu ametoa, au jamaa zake wametoa. Tarehe 14 Mei 1956 Baba Mtakatifu Pio XII alifundisha kwamba kumpa kipofu sehemu ya jicho la marehemu si kuuvunjia mwili heshima, ingawa hakuna anayelazimishwa.

Sasa turudi kwa mzee. Uhai si mali yetu, ni amana. Mtu mzima wa afya akikataa chakula ili afe, anatenda dhambi. Wengine huendelea kusema: basi kila dawa iliyopo duniani ni wajibu. Wanateolojia wa Hispania wa karne ya 16 hawakukubali hivyo. Walisema mtu halazimiki kukatwa mguu, maana maumivu yalikuwa makali mno. Dawa ya usingizi haikuwapo. Ilipokuja mwaka 1846, sababu ile ilipungua nguvu. Tarehe 24 Novemba 1957 Pio XII, akiwajibu waganga wa dawa hiyo hiyo ya usingizi, alisema tunalazimika kutumia njia za kawaida tu, zisizo mzigo mzito mno kwa mgonjwa wala kwa wengine, kwa kadiri ya watu, mahali na nyakati. Roma ikasema tena tarehe 5 Mei 1980: anayekataa njia ya hatari au ya mzigo wa namna hiyo hajiui, naye aweza kufikiri hata gharama itakayowaangukia jamaa zake.

Hapa kijana alitukamata. Ikiwa ni kwa kadiri ya mahali, je, amri ya Mungu ni moja Paris na nyingine Katuba? Twasema amri ni moja, ila mzigo haulingani. Aliye ng'ambo ya mto uliofurika hatendi dhambi akikosa Misa. Lakini mfano huu haututoshi hata sisi wenyewe, maana mto hufurika wenyewe, na umaskini wa hospitali haukuja wenyewe. Tanuru la Union Minière liliwaka hapa Lubumbashi mwaka 1911. Shaba imekwenda mbali zaidi ya miaka 100, na mgonjwa naye hana budi kwenda mbali. Neno linalomwondolea mzee lawama haliwaondolei wanaotawala, wanaochimba na wanaouza. Wasijifunike kwa blanketi ya mgonjwa.

Tena mzigo autaje mgonjwa mwenyewe. Twajua nyumba ambamo «msimsumbue mzee» maana yake ni «lupango ni wangu».

Na kinyume chake? DeBakey yule yule, akiwa na miaka 97, alipasuka mshipa mkuu. Alikuwa hataki kisu. Akapoteza fahamu, mke wake akashikilia, kamati ya hospitali ikakubali, akapasuliwa Februari 2006. Alipona, akafurahi, akaishi hadi 2008. Gharama ilipita dola milioni 1. «Unaona, Mwalimu!» akasema kijana. Twaona. Lakini mzee wa Katuba alikuwa na fahamu zake zote. Aliuliza hatari, akauliza bei, akauliza wajukuu watalala wapi lupango ukiuzwa. Kisha akajibu. Kumlazimisha mtu wa namna hiyo ni kumfanya mtoto.

Tulimwambia kijana hayo yote. Hakuridhika, nasi hatukumlaumu. Alikuwa amekwisha kupata mnunuzi. Padri alifika Alhamisi na mafuta ya wagonjwa. Kijana ndiye aliyeshika mshumaa, na mzee akamwambia aukaribishe, haoni vizuri uso wake.