Nani Amebeba Risasi za Mfalme?

Hebu tuanze na swali dogo: jeshi likipigana kwa miaka 10,000, mizigo yake inabebwa na nani?

Warhammer 40,000 ni mchezo wa vita wa mezani uliotoka Uingereza mwaka 1987. Ulimwengu wake ni giza tupu. Mfalme Mkuu ni nusu mfu kwenye kiti cha dhahabu, na kila siku watu 1,000 hutolewa kafara ili asizimike. Wewe unapanga vikosi, unarusha dadu, na askari akifa unamwondoa kwa vidole viwili. Hana jina, hana mama. Kete ya bao ina nafuu, maana ikiliwa inarudi mchezoni.

Sasa wapo wanaouhamishia ulimwengu huo kwenye kanuni za kale za Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika wa mwaka 1974, ambao nao ulichipuka kutoka michezo ya vita. Humo huongozi jeshi. Wewe ni mtu mmoja, na pigo moja linaweza kukumaliza. Wengi husifia ugumu huo. Mimi navutiwa zaidi na ukurasa ambao watu huuruka, ule wa vibarua. Kitabu cha mwendesha mchezo cha 1979 kinampangia mpagazi ujira wa siku. Katika toleo la 1981, msaidizi uliyemwajiri ana alama ya ujasiri: hatari ikizidi zinarushwa dadu mbili, na jumla ikivuka alama yake, huyo anatimua mbio. Yaani anaruhusiwa kuogopa.

Kwetu mpagazi si wa kubuni. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi kuliko risasi. Sanamu ya Askari ya mwaka 1927, mjini humo humo, inaonyesha mwanajeshi na bunduki yake. Mpagazi kaachiwa nafasi kwenye maandishi tu.

Kwa hiyo kuhamisha kanuni si hesabu peke yake. Ni kuamua nani aonekane. Tuseme mhusika wako ni mkulima wa alizeti kutoka Mwankoko, huku kwetu Singida, kachukuliwa kubeba risasi za Mfalme kwenye sayari asiyoijua. Je, utamwandikia jina na ujira, au utaandika tu "wapagazi 20"?

Mashabiki hujibu kwamba dola ile ni kejeli, na kampuni yenyewe ilisisitiza hivyo mwaka 2021. Sawa. Lakini kejeli inayosimuliwa na jenerali peke yake huishia kuwa sifa.

Mtu atasema hata kwenye kanuni za kale wachezaji humtanguliza mpagazi akanyage mtego. Kweli kabisa, wanafanya hivyo. Kanuni hazimfanyi mtu awe mwema, ila zinamnyima kisingizio cha kutoona. Kete unaisukuma tu. Mtu uliyekubaliana naye ujira, na anayeweza kukataa, inabidi umtazame usoni ndipo umwambie, "Tangulia wewe."

Basi ukiketi mezani, anza na jina la mbeba mzigo. Dadu zikisema amekimbia, mwache aende.