"Msituangushe": Nasaha za Mahafali ni za Nani?

Kila mwaka ifikapo Septemba na Oktoba, shule za sekondari Tanzania hufunga maturubai na kuwaaga kidato cha nne. Kwa kazi hii ya kuandika habari nimekaa kwenye mahafali mengi, na hotuba ya mkuu wa shule karibu naijua kwa kichwa. Elimu ni ufunguo wa maisha. Mtangulizeni Mungu. Mkawe na nidhamu huko muendako. Halafu, karibu na mwisho, linakuja lile neno: "Msituangushe."

Hapo huwa nasimamisha kalamu. Wasimwangushe nani?

Tukumbuke kwamba mahafali yetu yanatangulia mtihani. Watoto wanavishwa mashada na kupigwa picha, kisha Novemba ndiyo wanaingia kwenye chumba cha mtihani. Kwa hiyo anayewaaga bado ana kitu anachokisubiri kutoka kwao. Divisheni zao zitasomwa chini ya jina la shule yake. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora, lakini matokeo ya kila shule bado yako wazi mtandaoni, na wazazi wanajua kuhesabu.

Swali langu basi ni hili: ombi likivaa nguo za nasaha, linabaki kuwa nasaha?

Waswahili tuna kipimo kizuri cha jambo hili. Mwana Kupona wa Pate alimtungia bintiye utendi wa mawaidha mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Leo tunaweza kubishana naye sana kuhusu anayomwambia mwanamke juu ya mume. Ila hatuwezi kusema alikuwa anajitafutia faida, maana alijua siku zake ni chache. Shaaban Robert naye aliwatungia wanawe, Utenzi wa Hati kwa binti na Utenzi wa Adili kwa kijana wake.

Utaniambia: mzazi naye huona aibu mwanawe akifeli, mbona humshtaki? Kweli kabisa. Kuwa na maslahi si kosa. Mkuu wa shule ni binadamu, ana maofisa juu yake na wazazi mbele yake. Tofauti naiona kwingine: mzazi anamtakia mwanawe afaulu, na akifeli bado ni mwanawe. Hotuba ya mahafali mara nyingi inaishia kwa anayefaulu. Aliyepata sifuri hana hata sentensi moja ndani yake.

Hili si jipya. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Nyerere alilalamika kwamba shule ya msingi imefanywa njia tu ya kwendea sekondari, hivyo wengi wasiochaguliwa wanajiona wameshindwa. Tumehamisha ngazi tu. Ufunguo tunaousifia kwenye mahafali tunaupima kwa mlango mmoja.

Kwangu mimi, nasaha ya kweli ni ile inayomfaa mtu hata siku mambo yakiharibika. "Someni kwa bidii" inafika mpaka mtihani. "Usimwibie mtu, lipa deni, usione haya kuuliza" inafika mbali zaidi. Na kuna mengine ya kawaida kabisa ambayo mkuu anayajua na mtoto hayajui: kwamba mtu anaweza kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwamba kuna vyuo vya VETA, kwamba ofisi ya mwalimu ina mlango na mlango huo unafunguka hata kwa aliyefeli.

Wakuu wetu waendelee kusema "msituangushe", sina ugomvi nalo. Waongeze maneno matatu tu: "Na mkianguka, njooni." Matokeo yakitoka Januari, yupo mtoto ambaye hotuba nzima itakuwa imemtoka kichwani isipokuwa hayo.