Fungu la Binti katika Shamba la Marehemu

Twawaelekea ndugu zetu wa Mombasa, Lamu na miji mingine ya mwambao kwa jambo lililozungumzwa katika darsa yetu hapa Kakamega. Watu wasema kwamba katika ulimwengu wa leo mwanamke amekwisha kupata haki sawa na mwanamume. Je, ni kweli?

Ukisoma karatasi utasema ni kweli. Katiba ya 2010, ibara ya 27, yawasawazisha mbele ya sheria. Mwaka 2021 Martha Koome alikuwa mwanamke wa kwanza kushika ujaji mkuu wa Kenya, na 2022 watu wa Kwale walimchagua Fatuma Achani kuwa gavana wao. Sheria ya Urithi ya serikali, iliyoanza kutumika 1981, yawagawia watoto wa marehemu sawasawa, wa kiume na wa kike. Haya si madogo, wala hatuyabezi.

Lakini toka ofisini uende mashambani. Katika hesabu ya 2019 kaunti hii ilikuwa na watu zaidi ya 1,860,000, wanawake wakiwa ndio wengi. Ardhi ni finyu, na kila kizazi chaikata tena. Afapo baba, aghalabu waitwao kikaoni ni wana wa kiume. Binti huambiwa: wewe umeolewa, shamba lako liko kwa mumeo. Naye mume akifa, shemeji zake humwambia: wewe ni mgeni hapa, rudi kwenu. Basi kwao ni wapi? Kwenda mahakamani kwataka nauli, kwataka wakili, na zaidi ya hayo kwataka moyo wa kumshitaki ndugu wa tumbo moja.

Huenda msomaji wa mwambao akasema: hayo ni mila za bara, sisi tuna sharia. Polepole, ndugu yetu. Uislamu wa Mumias ulikuja na wafanyabiashara waliotoka huko kwenu katika karne ya 19, na Nabongo Mumia mwenyewe akasilimu. Misikiti ipo, saumu yafungwa. Lakini likifika shamba, wengi wetu twaikumbuka mila. Na mwaka 1990, baada ya Waislamu kulalamika, Bunge liliwatoa katika ile Sheria ya Urithi ili mali zao zigawanywe kwa sharia ya Kiislamu. Tuliomba kuhukumiwa kwa Qurani, tukapewa. Tuna udhuru gani tusipoifuata?

Mjane wa Saad bin Rabii, aliyeuawa shahidi Uhud, alimwendea Mtume (s.a.w.) na binti zake wawili, akashitaki kuwa ami yao ameichukua mali yote. Zikateremka aya za mirathi katika Sura An-Nisaa. Mtume akamwamuru ami awape mabinti thuluthi mbili, mama yao thumuni, na kilichobaki ndicho chake. Katika mafungu 24, mabinti 16, mama 3, ami 5. Yule aliyedhani yote ni yake alibaki na matano! Ami kama huyo angali hai, huku Kakamega na huko kwenu.

Tutaulizwa na wengine: mbona kwenu binti hupata nusu ya fungu la kaka yake? Wanazuoni wamejibu kwamba kaka amebebeshwa masurufu ya mke, ya watoto na ya jamaa wasiojiweza, na mali ya mwanamke ni yake peke yake. Jawabu hili lina nguvu maadamu masurufu yatolewa. Mwanamume achukuaye mafungu mawili, kisha akamwacha dada yake mjane ahangaike kwa majirani, huyo ameila hoja yetu pamoja na mali.

Twapenda kujisifu kwamba wake wa Kiingereza hawakumiliki mali yao kikamilifu ila kwa sheria ya 1882, na sisi tulikwisha kupewa hilo zaidi ya karne 12 kabla. Kujisifu huko kumemfaa nani? Huku bara binti hunyimwa kwa sauti kubwa; kwenu hunyimwa kwa adabu. Nyumba haigawanywi, ati ni ya ukoo, na kaka mkubwa hukusanya kodi mwaka baada ya mwaka. Dada akiuliza, ana tamaa. Kisha huombwa asamehe fungu lake mbele ya wazee, mahali ambapo kukataa ni aibu. Mali haitoki kwa mwenyewe ila kwa radhi. Je, haya na machozi ndiyo radhi? Na asamehe nini, ilhali hajaambiwa fungu lake ni kiasi gani? Atakaye msamaha wa dada yake na amhesabie kwanza, amwandikie kwa jina lake, amkabidhi kodi mkononi. Dada asiyehesabiwa ana kadhi, aliyepewa hukumu ya mirathi ya Waislamu na ibara ya 170 ya Katiba. Na kaka akikataa kufika kwa kadhi, Mahakama Kuu ipo.